Mpanda Magugu na Anayemlipa

Katika mfano wa Injili ya Mathayo, adui anakuja watu wamelala, anapanda magugu kati ya ngano, kisha anajiendea zake. Wataalamu wengi wa mimea ya Biblia wanaamini gugu lile lilikuwa Lolium temulentum, nyasi inayofanana na ngano kiasi kwamba ni shida kuitambua mpaka itoe masuke. Ndugu yake, Lolium rigidum, hupandwa mchana kweupe katika Chuo Kikuu cha Australia Magharibi mjini Perth, na anayeipanda hulipwa. Huisia kwenye vyungu, huimwagilia, huitia mbolea, na ikishatoa majani mawili au matatu huipulizia dawa ya magugu. Inayokufa hutupwa. Inayosalimika huvunwa mbegu, zikapandwa tena, zikapuliziwa tena.

Mpanda magugu huyu mara nyingi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamivu anayesoma kwa ufadhili. Sura hii inamhusu yeye, lakini inamhusu zaidi anayemlipa. Katika historia fupi ya elimu ya usugu wa magugu kwa dawa, mfuko ulikotoka pesa umeamua mara nyingi ni swali gani liulizwe, na jibu lisubiriwe kwa muda gani.

Tuanze na usugu wenyewe, maana unaeleweka vibaya. Wakulima wengi husema gugu "limezoea dawa", kana kwamba mmea ule ule uliopuliziwa mwaka jana umejifunza kuvumilia mwaka huu. Sivyo inavyokwenda. Katika shamba lenye mamilioni ya miche ya gugu, huwa kuna michache iliyozaliwa na hitilafu ndogo katika vinasaba vyake, nayo ilikuwepo kabla dawa haijafika. Dawa inaua majirani zake wote. Ile michache inabaki peke yake na nafasi, maji na mbolea aliyonunua mkulima, inazaa mbegu, na mbegu zinarithi hitilafu ile. Mkulima akirudi na dawa ile ile msimu unaofuata, anazidi kuichagulia mbegu. Mwanaekolojia John Harper aliliona hili mwaka 1956, miaka kumi tu hivi tangu dawa ya 2,4-D ianze kuuzwa, akaonya kwamba magugu yatafanya yale ambayo wadudu walikuwa wameshaifanyia DDT. Mwaka uliofuata dalili za kwanza zikaripotiwa katika miwa ya Hawaii na karoti mwitu wa Ontario, Kanada. Karibu hakuna aliyeshtuka. Dawa mpya zilikuwa zinatoka kwa wingi, na iliyochoka ilikuwa na mrithi dukani.

Australia ilishtuka mapema kuliko wengine, na sababu zake ni za kiuchumi kama zilivyo za mimea. Lolium rigidum iliingizwa na walowezi kama malisho ya kondoo, wakaipanda wenyewe kwenye maeneo makubwa. Ni mmea unaochavushana na jirani yake, hivyo kila shamba lina mchanganyiko mkubwa wa vinasaba, na idadi yake ni ya kutisha. Sufu ilipoporomoka bei mwanzoni mwa miaka ya 1990 baada ya mpango wa bei ya chini kuvunjika, wakulima wengi walipunguza kondoo na kupanua ngano. Malisho ya jana yakawa gugu la leo. Udongo wao ni mwepesi na huchukuliwa na upepo ukilimwa sana, kwa hiyo waliacha kulima na kutegemea dawa. Huwezi kubuni mazingira bora zaidi ya kuzalisha usugu hata ukilipwa.

Mwaka 1982, Ian Heap, mwanafunzi wa Taasisi ya Waite ya Chuo Kikuu cha Adelaide, alichapisha pamoja na mwalimu wake Knight makala fupi kuhusu nyasi hiyo kutoka shamba moja la Australia Kusini. Haikufa kwa diclofop-methyl, dawa iliyokuwa na miaka michache tu sokoni. Heap akaendelea na usugu mpaka ukawa shahada yake ya uzamivu, kisha akahamia Marekani na kuanzisha daftari la kimataifa la magugu sugu ambalo analitunza mpaka leo. Daftari hilo sasa lina zaidi ya spishi 260 za magugu kutoka nchi zaidi ya 70. Kila mtafiti anayeandika sentensi ya kwanza ya makala yake kuhusu usugu huanza kwa kunukuu tarakimu za Heap. Inafaa kusema pia kwamba kwa miaka mingi daftari hilo limetegemezwa na kamati ya kimataifa ya kampuni zinazotengeneza dawa hizo hizo. Sijaona ushahidi kwamba pesa hiyo imepotosha hesabu. Ila msomaji akumbuke jinsi ulivyo mwembamba uzi unaobeba elimu ya dunia nzima juu ya jambo hili.

Stephen Powles, mtafiti aliyekuwa Adelaide miaka hiyo, alihamia Perth mwaka 1998 na kuanzisha kituo cha utafiti wa usugu kinachojulikana kwa kifupi kama AHRI. Watafiti wake walikwenda mashambani wakachukua mbegu bila kuchagua shamba zuri wala baya. Katika sampuli walizokusanya mwaka 2010 katika ukanda wa ngano wa Australia Magharibi, 98 kati ya kila 100 zilikuwa na mimea sugu kwa sulfometuron, na 96 kwa diclofop. Ukifika hapo hujadili tena kama usugu utakuja.

Na pesa? Mfadhili mkuu wa kituo hicho ni shirika la utafiti wa nafaka la Australia, GRDC, lililoanzishwa mwaka 1990, na mfuko wake ni wa wakulima wenyewe. Kwa mazao mengi mkulima hukatwa asilimia 0.99 ya thamani ya nafaka aliyouza, baada ya kuondoa gharama za kuifikisha sokoni. Anayeuza ngano ya dola milioni moja anachangia dola 9,900. Serikali huongeza fungu lake, hadi asilimia 0.5 ya thamani ya mazao ya sekta nzima. Kutoka mfuko huo hutoka miradi mikubwa, na humo humo hutoka ufadhili wa wanafunzi wa uzamivu: posho ya kuishi isiyokatwa kodi, na fungu la utafiti linalolipia vyungu, dawa, vipimo vya vinasaba na safari za mashambani.

Makato haya si ya hiari. Mkulima hawezi kusema mwaka huu nimekosa mvua, niacheni. Lakini akikosa mavuno hakatwi, kwa kuwa hana alichouza, hivyo mfuko wenyewe hukonda wakati wa ukame. Mwenye pesa naye ni mtu wa kudai. Anataka kujua mwanafunzi wake amegundua nini, na anauliza kwa lugha ya shambani. Nimewasikia wasomi wakilalamika kwamba wafadhili wa namna hii hawana subira na sayansi ya msingi. Malalamiko hayo yana ukweli kiasi, lakini mtu anayepita kwenye shamba lenye usugu kila asubuhi huuliza maswali ambayo mhariri wa jarida hawezi kuyafikiria.

Mfano wake ni Ray Harrington, mkulima wa Darkan, Australia Magharibi. Alijiuliza kwa nini mashine ya kuvuna ikusanye mbegu za gugu pamoja na ngano, izitenganishe kwa ustadi, halafu izitupe tena shambani na makapi. Akaunda kinu cha kuponda makapi nyuma ya mashine. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilihitaji mtu wa kukaa chini na kuhesabu. Je, mavuno yanapofika, mbegu ngapi za gugu bado ziko kwenye suke na ngapi zimeshapukutika? Kazi ya Michael Walsh na Powles ilionyesha kwamba kwa Lolium rigidum takriban asilimia 85 bado ziko juu, na kwamba kinu kile huharibu kama asilimia 95 ya zinazopita ndani yake. Hakuna kampuni ya dawa ambayo ingelipia hesabu hiyo, maana jibu lake halijazwi kwenye chupa. Wakulima waliilipia kwa sababu ni mbegu zao.

Mantiki ya kuchanga pamoja inaonekana wazi zaidi katika kazi ya Roberto Busi na wenzake huko Perth. Walifuatilia chavua ya nyasi hii ikipeperuka na upepo, wakakuta vinasaba vya usugu vimesafiri hadi kilomita 3. Mkulima aliyetumia dawa kwa nidhamu miaka yote anaweza kurithi usugu wa jirani aliye ng'ambo ya mashamba mawili, bila kubadilishana naye hata salamu.

Kwa nini basi mwanafunzi, badala ya kuajiri mtafiti aliyekwishakomaa? Bei yake ni sehemu ya jibu, na tusione haya kulisema. Posho ya mwanafunzi ni ndogo kuliko mshahara. Sehemu kubwa zaidi ni saa ya mmea. Nyasi ya msimu mmoja hutoa kizazi kimoja kwa mwaka shambani, na mbegu zake mbichi hulala usingizi miezi ya kiangazi kabla ya kukubali kuota. Mwanafunzi wa uzamivu ana miaka mitatu au minne. Katika muda huo anaweza kukusanya mbegu, kusubiri ziamke, kuotesha, kupulizia kwa vipimo vinavyopanda kutoka robo ya kiwango cha lebo hadi mara kadhaa ya kiwango hicho, kuhesabu wafu na hai, kuchora grafu ya jinsi vifo vinavyoongezeka, kisha kuchavusha waliosalimika ndani ya vyumba visivyopitisha chavua ya nje na kuanza upya na watoto wao. Kazi hii haiharakishwi kwa kuongeza watu. Mradi wa mwaka mmoja unamkuta mtafiti bado anasubiri mbegu ziamke.

Kazi ya namna hii ndiyo iliyofumbua fumbo la Georgia, Marekani. Kuanzia mwaka 1996 wakulima wa huko walipata mbegu za soya, na punde za pamba, zilizobadilishwa vinasaba zisife kwa dawa ya glyphosate. Ukapanda, ukapulizia shamba zima, ukaenda zako. Mwaka 1997 wanasayansi wa Monsanto, kampuni iliyokuwa inauza dawa na mbegu zote mbili, walichapisha makala wakieleza kwamba magugu hayaelekei kupata usugu kwa glyphosate kirahisi. Niwatendee haki: hoja zao zilikuwa na msingi. Dawa ilikuwa sokoni tangu mwaka 1974 bila tatizo, na wao wenyewe walihangaika sana maabara kupata mmea unaoistahimili. Lakini mwaka mmoja kabla, kundi la Jim Pratley la Chuo Kikuu cha Charles Sturt, Australia, lilikuwa limesharipoti Lolium rigidum isiyokufa kwa glyphosate. Katikati ya muongo uliofuata Georgia nayo ikapata Amaranthus palmeri sugu. Huyu ni binamu wa mchicha, yule yule wa nazi na karanga, ila amejaliwa kimo cha kumpita mtu na mbegu laki kadhaa kwa mmea mmoja jike. Katika nchi ya matrekta yanayojiendesha kwa setilaiti, vibarua wakarudi na majembe kwenye pamba.

Glyphosate huua kwa kuziba kimeng'enya kimoja kiitwacho EPSPS, ambacho mmea hukihitaji kutengeneza baadhi ya asidi za amino. Wengi walidhani mmea sugu umebadilisha umbo la kimeng'enya hicho ili dawa isishike. Todd Gaines, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu Chuo Kikuu cha Colorado State, akaangalia na kukuta umbo ni lile lile. Kilichobadilika ni idadi. Mimea sugu ilikuwa na nakala za jeni hiyo kuanzia mara 5 hadi zaidi ya mara 160 ya mimea ya kawaida, zikionekana kutawanyika katika kromosomu zote. Ni sawa na kumpa mlinzi kufuli moja kisha kumwambia afunge nyumba yenye milango mia na sitini. Makala ilitoka mwaka 2010, jina la Gaines likiwa la kwanza, na baadaye alikwenda Perth kwa Powles kabla ya kurudi Colorado kuwa profesa. Miaka minane baadaye watafiti wa Kansas walionyesha kwamba nakala hizo hukaa katika viduara vya DNA vilivyo nje ya kromosomu. Nadhani mtu aliyekuwa na haraka ya kuthibitisha nadharia iliyozoeleka angepima umbo, akose jibu, afunge faili.

Jambo linalogusa moja kwa moja mashamba yetu lilitokea Perth pia. Mwaka 2005 Paul Neve na Powles walichukua Lolium rigidum isiyo na usugu, wakaipulizia diclofop kwa kipimo cha chini kuliko cha lebo, wakavuna waliosalia na kurudia. Vizazi vitatu vilitosha kupata mimea isiyojali hata kipimo kamili. Kipimo kamili humuua mwenye kinga ndogo. Kipimo pungufu humwacha akaoane na mwingine mwenye kinga ndogo ya aina nyingine, na watoto wao hukusanya zote mbili.

Sasa fikiria solo ya lita 15 au 20 mgongoni mwa kijana wa kukodiwa huko Mbarali au Kibaigwa, Tanzania, dawa ikipimwa kwa kifuniko cha chupa, na mwenye shamba akisisitiza chupa ifike mpaka kwenye kona ya mwisho. Hapo bado hatujaiuliza chupa yenyewe. Nchini Uganda, wachumi walionunua glyphosate madukani na kuipima maabara walikuta kwamba kwa wastani chupa zilipungukiwa asilimia 15 ya kiambato kilichoandikwa, na karibu theluthi moja zilikuwa na chini ya robo tatu yake. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2019 kama suala la soko na imani ya mnunuzi. Ukiusoma ukiwa na jaribio la Neve kichwani, unaona kitu kingine: maduka ya pembejeo yanaendesha jaribio la Perth bila kumbukumbu na bila msimamizi, kwenye mashamba ya watu.

Magugu yenyewe tunayo. Eleusine indica, ile nyasi ngumu ya njiani ambayo ni ndugu wa ulezi, ilipata usugu wa glyphosate nchini Malaysia mwaka 1997. Echinochloa colona, inayosumbua mpunga kila mahali penye joto, ina historia ya usugu Amerika ya Kusini na Australia.

Anayetaka kumlipa mwanafunzi wa kuyafuatilia ana njia kadhaa. RUFORUM, mtandao wa vyuo vikuu wenye makao yake Kampala, umekuwa ukisomesha watu wa kilimo ngazi ya uzamivu, na DAAD ya Ujerumani hufadhili masomo ndani ya kanda kupitia vyuo na mitandao ya Afrika. Ni milango mizuri. Pesa yake, hata hivyo, hutoka mbali, na mada huandikwa kwa kuangalia wito wa mfadhili: mwaka huu tabianchi, mwaka ujao lishe. Usugu wa magugu hauna picha ya kuweka kwenye jalada la ripoti.

Pesa ya nyumbani ipo na tayari inakatwa. Tanzania hutoza ushuru wa mazao ambao tangu mwaka 2017 ni asilimia 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa ya chakula. Hulipwa na mnunuzi, ingawa bei anayopewa mkulima huwa imeshaubeba. Ni zaidi ya mara mbili ya kile anachokatwa mkulima wa ngano wa Perth kwa ajili ya utafiti. Ushuru wetu unakwenda halmashauri, kwa barabara, madarasa na mishahara, na sisemi halmashauri zina ziada. Ninachosema ni kwamba hakuna hata senti moja ndani yake yenye jina la utafiti wa zao lililokatwa. Wakulima wa kahawa na chai katika eneo letu wamewahi kuchangia vituo vyao vya utafiti kwa makato ya namna hii, kwa hiyo utaratibu haujashuka kutoka mwezini. Mpunga na mahindi ndiyo yaliyoachwa, pengine kwa sababu wauzaji wake ni wengi, wadogo, na mzani wao uko barabarani.

Kijana wa Morogoro au Njoro anaweza pia kuomba nafasi Perth, na wapo Waafrika waliofika huko kwa masomo ya kilimo. Ila ajue kwamba Australia ina ukali wa pekee kuhusu mbegu za kigeni, hasa za magugu, hivyo gugu la Mbarali halitasafiri naye. Atasoma usugu kwa kutumia magugu ya watu wengine na kurudi na mbinu. Mbinu hiyo ina sharti moja linalosahaulika: kila kipimo cha usugu kinahitaji mbegu za kulinganishia, kutoka mahali ambapo dawa haijawahi kupuliziwa. Bila hizo, mtafiti hawezi kusema mmea ulio mbele yake ni sugu kiasi gani. Kwa Echinochloa colona, mahali pa namna hiyo bado pako kwenye vijaruba vya wazee wanaopalilia kwa mkono na kwenye madimbwi ya pembezoni mwa hifadhi, na kila msimu solo inazidi kuyasogelea. Kukusanya mbegu hizo hakuhitaji barua ya ufadhili. Kunahitaji bahasha za kaki, kalamu ya kuandika mahali na tarehe, kukausha vizuri, na kona kwenye friji ya idara ambayo hakuna mtu atakayeihamisha ili aweke soda.